Utalii wetu, marejeo ni ngamani

Kila mwaka takwimu za watalii wa kigeni waliozuru nchi hii zinapotangazwa, huwa ni vifijo ikiwa zimepanda na maombolezo ikiwa zimeshuka. Mwaka wa 2019 walifika takriban milioni 2. Mwaka wa 2020, korona ilipotanda ulimwenguni, hawakutimia hata 600,000. Kufikia mwaka wa 2024 idadi ilikuwa imepanda tena hadi takriban milioni 2.4, na wakuu wa sekta hii wakapata sababu ya kutabasamu. Sina kinyongo na tabasamu hilo. Fedha za utalii huwalisha wapishi, madereva, wavuvi, wachonga vinyago na wakulima wa mboga, na asiyejua thamani yake na amwulize mkazi yeyote wa Malindi au Diani aliyewahi kurudishwa nyumbani hoteli ilipofungwa.

Hata hivyo, mimi ni mhadhiri wa isimu na kazi yangu ni kuyasikiliza maneno. Nikiusikiliza utalii wa Kenya, nasikia kasoro ambayo takwimu haziwezi kuionyesha. Nasikia nchi inayojieleza kwa wageni kwa maneno ya kukariri, na ambayo kwa wenyeji haijielezi kabisa. Dai langu katika makala haya ni kwamba utalii utakaodumu hauna budi kuanzia kwa Mkenya mwenyewe, hasa Mkenya aliye darasani, na kwamba lugha ya kuuanzishia ni Kiswahili.

Nitoe mfano. Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu wapatao 30 kwenye magofu ya mji mmoja wa kale huko pwani. Tulipokelewa na kijana mchangamfu ambaye kazi yake ni kuwaongoza watalii. Alituangalia, akaona vitabu na kamera, akaanza kutueleza kwa Kiingereza. Maelezo yalimtoka kama kanda iliyorekodiwa: mwaka wa kujengwa kwa mji, idadi ya misikiti, kina cha kisima, na sababu zinazodhaniwa kuwafanya wenyeji wauhame. Alitua pale pale alipozoea kutua, akatania utani ambao bila shaka alikuwa ameutania asubuhi hiyo hiyo mbele ya kundi jingine. Hatukucheka, naye hakutungoja tucheke, akaendelea.

Tulipofika kwenye ukuta wenye vishimo vingi vilivyopangwa safu kwa safu, mwanafunzi mmoja wa kike alimwuliza kwa Kiswahili, "Kaka, hivi vishimo nyinyi mwaviitaje?" Yule kijana alinyamaza kidogo, kana kwamba ameamshwa usingizini. Kisha akajibu, kwa Kiswahili safi, "Hizi ni zidaka. Nyumbani kwa nyanya yangu zilikuwapo, na sisi watoto tulikatazwa kuzigusa."

Tangu hapo tukawa na mwongozaji mwingine kabisa. Alituonyesha daka, yaani ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza pande zote mbili, akatueleza kwamba ulijengwa ili mgeni apate pa kuketi na kupewa kahawa bila ya kuingia faraghani mwa watu. Alitueleza kwa nini vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba: dari zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Alitueleza jinsi matumbawe yalivyochomwa yakawa chokaa. Wanafunzi waliacha kupiga picha wakaanza kuandika. Tulipokuwa tukiagana aliniambia kwa unyenyekevu, "Mwalimu, haya sijawahi kuulizwa na mtu."

Kauli hiyo nimeishi nayo tangu siku ile. Kijana yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na elimu mbili. Moja ilikuwa ya kukariri, aliyofundishwa ili apate mkate wake. Nyingine ilikuwa ya kurithi, na hiyo hapakuwa na aliyeithamini kiasi cha kumwomba aitoe. Utalii wetu ulikuwa umemwajiri mdomo wake tu, ukamwacha yeye mwenyewe nje ya lango.

Ukitaka kuona jinsi ugonjwa huu ulivyoenea, sikiliza salamu. Ingia katika hoteli nyingi za kitalii nawe utapokewa kwa neno "Jambo!" hata kama umezaliwa Kisauni au Kizingitini. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua kwamba salamu yetu ni "hujambo", na kwamba kiambishi hu- pale mwanzoni ni cha ukanushi: tunamwuliza mwenzetu kama hana jambo la kumsumbua, naye hujibu kwamba hana, "sijambo". Ukikikata kichwa hicho, kinachobaki ni "jambo" tupu, yaani shauri, habari, pengine hata balaa. Mgeni asiyejua lugha hana kosa akitamka hivyo, na kumsahihisha kwa ukali si adabu. Linalosikitisha ni kwamba mwenyeji ameacha salamu yake kamili akaifuata ya mgeni iliyokatika, halafu akamwamkia nayo mwenyeji mwenzake.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "hakuna matata", maneno ambayo Mkenya wa kawaida huyasikia zaidi kwenye fulana kuliko kinywani mwa jirani yake, kwani yeye husema hakuna shida au hakuna wasiwasi. Mwaka wa 1994, mwaka ambao filamu ya The Lion King ilitoka, kampuni ya Disney iliomba huko Marekani isajiliwe maneno hayo kama alama yake ya biashara kwenye mavazi, na mwaka wa 2003 ikakubaliwa. Malalamiko makubwa yalisikika mwaka wa 2018, wakati maelfu ya watu walipotia saini kupinga jambo hilo. Walichelewa kwa miaka 15. Mwenye kutupa vyake njiani asishangae akivikuta dukani vina bei.

Wasomaji wangu walio walimu wasije wakadhani kwamba lawama hizi ni za watu wa hoteli peke yao. Katika miaka niliyowahi kusahihisha insha za shule, nilikutana mara nyingi na kichwa kinachomtaka mwanafunzi aeleze ziara aliyoifurahia. Karatasi moja baada ya nyingine ilianza kwa jogoo kuwika, jua kuchomoza mashariki na basi kung'oa nanga. Walipofika mbugani, simba "alinguruma kwa sauti ya kutisha", na jioni wote walirejea "wakiwa hoi bin taabani". Ungeweza kuondoa jina la mbuga moja ukatia la nyingine, au hata la ziwa, na insha isingebadilika. Wapo waliokuwa hawajafika kokote, na hao nawasamehe. Lakini wapo waliofika kweli, wakayaona mambo kwa macho yao, kisha wakayaandika kwa maneno ya kitabu cha marudio. Tofauti ya insha hiyo na hotuba ya yule mwongozaji wangu ni nini? Wote wawili wamefundishwa kusema bila ya kutazama.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie niingie kidogo katika taaluma yangu. Neno "mtalii" tumelizoea kwa maana ya mtu anayesafiri kwa starehe, tena mara nyingi tunamfikiria Mzungu mwenye kofia pana. Lakini kitenzi "talii" kina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kusoma kwa makini, kupitia jambo na kulichunguza. Katika shina hilo hilo tulipata "mutalaa", ambalo ndimi za watumiaji zimeligeuza likawa "mtaala", neno analolitumia kila mwalimu nchini. Kwa hiyo mtalii na mtaala ni ndugu wa tumbo moja. Mtalii kwa asili ni msomaji; tofauti ni kwamba kitabu chake ni nchi. Sisi tumewatenganisha ndugu hawa, mmoja tukamweka hotelini na mwingine tukamfungia shuleni, na wote wawili wamedhoofika.

Mfikirie mwanafunzi wa Mwingi au wa Kapsabet anayekariri methali isemayo "Tezi na omo, marejeo ni ngamani". Katika mtihani ataandika kwamba maana yake ni kuwa hata mtu akizunguka namna gani, mwisho hurudi kwao. Atapata alama zake. Lakini tezi ni nini? Omo ni wapi? Mara nyingi hajui, na huenda mwalimu wake pia hajawahi kuviona. Mpeleke Lamu, mpandishe kwenye jahazi, na nahodha atamwonyesha: huku mbele ni omo, kule nyuma ni tezi, na pale chini kabisa tumboni mwa chombo, maji yanapokusanyika, ni ngama. Hata mawimbi yapige kutoka mbele au nyuma, maji hayo hukimbilia ngamani. Kwa dakika moja methali inageuka kutoka kuwa adhabu ya kukariri ikawa kitu cha kuonekana kwa macho. Atajifunza pia mlingoti na foromali, tanga na usukani, na akirudi kwao ataandika insha ambayo hakuna mwingine angeweza kuiandika. Huo ndio utalii.

Na tusidhani kwamba vya kuonwa ni simba na mchanga mweupe tu. Neno "safari" lilipochukuliwa na Waingereza katika karne ya 19 lilikuwa na maana ile ile tuliyo nayo sisi: mwendo wowote, wa kwenda sokoni, harusini au matangani. Leo ulimwenguni linamaanisha kwenda kutazama wanyama, na sisi wenyewe tumeanza kuamini hivyo. Hali kufikia mwaka wa 2024 Kenya ilikuwa na mahali 8 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, na 5 kati ya hapo si pa wanyama bali ni pa watu na kazi za mikono yao: mji wa kale wa Lamu ulioorodheshwa mwaka wa 2001, kaya za Wamijikenda mwaka wa 2008, Fort Jesus mwaka wa 2011, Thimlich Ohinga mwaka wa 2018 na Gede mwaka wa 2024. Ni walimu wangapi wa Nyanza ambao wamewapeleka wanafunzi wao Thimlich Ohinga, kule Migori, wakazione kuta za mawe zilizopangwa na mababu bila ya saruji wala udongo wa kuyashikanisha, nazo zingali zimesimama baada ya karne kadhaa?

Wako watakaoniambia kwamba haya ni maneno matamu ya msomi, lakini nchi inahitaji dola, na dola haziletwi na mwanafunzi wa Mwingi. Ni hoja nzito, nami sitaikwepa. Tukumbuke historia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, utalii ulikuwa umezipiku kahawa na chai kwa kuiletea nchi fedha za kigeni, tukadhani tumepata ng'ombe asiyekauka maziwa. Mnamo Agosti 1997 ghasia zikazuka Likoni, ndege za kukodiwa kutoka Ulaya zikapungua na hoteli za ufuoni zikafunga milango. Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani ukalipuliwa jijini Nairobi. Novemba 2002 hoteli ikashambuliwa Kikambala. Mapema mwaka wa 2008 kukawa na ghasia za baada ya uchaguzi, Septemba 2013 kukawa na shambulio la Westgate, na Machi 2020 viwanja vya ndege vikafungwa kwa ajili ya korona.

Kila mara mambo yalikuwa yale yale. Serikali za mbali zilitoa onyo, wageni wakavunja safari, na mhudumu wa hoteli akapewa likizo bila ya mshahara. Na kila mara wenye hoteli walimkumbuka Mkenya. Bei zilishushwa, matangazo yakasikika redioni yakimhimiza mwananchi aizuru nchi yake. Dhoruba ilipopita na wageni wakarudi, Mkenya aliwekwa pembeni kama mwavuli mvua ikishakatika. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao tunauacha, kisha msala ukipita tunarudi kuutafuta gizani.

Isitoshe, hata hao wageni wa kigeni si wote wale tunaowafikiria. Mwaka wa 2023 na pia mwaka wa 2024, Marekani ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wageni waliokuja Kenya. Ya pili haikuwa Uingereza wala Ujerumani, bali Uganda, na ya tatu Tanzania. Huyo Mtanzania akifika kwenye lango la makavazi, tumweleze kwa lugha gani? Mkongomani wa Goma au Bukavu, ambaye nchi yake ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, atazungumza nasi kwa lugha gani kama si Kiswahili? Vijana wetu wamejifunza Kijerumani na Kiitaliano ufuoni, na nawapongeza kwa bidii hiyo, maana lugha ni mtaji. Lakini ni kichekesho kuwa tayari kwa Kiitaliano na kutokuwa tayari kwa lugha ya jirani, ambayo pia ni yetu.

Kama kuna anayedhani kwamba watu wetu hawana desturi ya kusafiri, na aende Lamu wakati wa Maulidi. Tangu siku za Habib Saleh, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha, watu wamekuwa wakimiminika huko kila mwaka kutoka Mombasa, Tanga, Zanzibar, Ngazija na kwingineko. Hulala kwa jamaa, hununua kofia na halua, hupanda mashua, na hawajawahi kungoja kijitabu cha matangazo cha kampuni yoyote. Aidha, tangu treni mpya ya abiria ianze kwenda Mombasa mwaka wa 2017, mabehewa hujaa familia za bara kila Desemba zikielekea baharini. Hamu ya kutembea ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapokea na kuwaeleza.

Kuna na aina nyingine ya mgeni ambaye hatumtilii maanani, naye ni yule anayekuja kuisoma lugha. Kwa miaka mingi wanafunzi kutoka vyuo vya Ulaya na Marekani wamekuwa wakija Mombasa, Lamu na Zanzibar kujifunza Kiswahili. Mtalii wa ufuoni mara nyingi hulipia kila kitu kwao kabla ya kupanda ndege, akakaa wiki moja nyuma ya ua la hoteli, akaondoka. Mwanafunzi wa lugha hukaa miezi. Hupanga chumba mtaani, hula mahamri na mbaazi kwa mama wa jirani, hushonewa nguo na fundi wa kona, na humlipa mwalimu wake mkononi. Tena akirudi kwao huwa balozi wetu asiyelipwa. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ndiye mgeni ambaye jembe amelishika mwenyewe. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka wa 2021. Tumeisherehekea kwa nyimbo na hotuba. Sasa tuifanyie kazi.

Nipendekeze nini basi? La kwanza ni maandishi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi. Kila kibao cha maelezo katika makavazi, magofu na mbuga zetu na kiwe na Kiswahili, tena Kiswahili kilichoandikwa na watu wanaoijua lugha na wanaoijua nyumba, kwa kuwauliza wazee wa mahali hapo. Huko Gede, mji ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka wa 1948, nyumba zilipewa majina ya Kiingereza kwa kufuata vitu vilivyookotwa ndani yake. Majina ya wenyewe yalikuwa yamekwisha kupotea, na wa kulaumiwa hayupo. Lakini darasani na kwenye vibao tunaweza kuziita Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Na zile sehemu za ndani tuziite kwa majina yake, daka, msana na ndani, ambayo hayajapotea kwa sababu wapo wanaoishi katika nyumba za aina hiyo hadi leo.

La pili ni mafunzo. Tangu Chuo cha Utalii kianzishwe Nairobi mwaka wa 1975, nchi imejipatia wahudumu wanaosifika. Nashauri kwamba katika kila chuo kinachofundisha utalii, uongozaji wa wageni kwa Kiswahili uwe somo lenye mtihani wake, na sehemu ya mtihani iwe ni mwanafunzi kwenda kwa wazee wa mahali atakapofanyia kazi, akakusanya maneno na masimulizi yao. Kaya Kinondo, kule Kwale, imekwisha kutuonyesha njia. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, huambiwa asichume hata jani, na huongozwa na watu wa msitu huo kwa masharti yao. Hapo mgeni hujifunza, na mwenyeji hubaki na heshima yake.

La tatu linawahusu walimu, na halihitaji kungoja waraka kutoka wizarani. Safari ya shule isiwe ya kula mkate na soda, kumtazama mamba na kurudi usiku. Kabla ya kuondoka, kila mwanafunzi apewe kazi: arudi na maneno 10 ambayo hakuwa akiyajua, na kila neno liwe na jina la kitu alichokigusa au kukiona na maelezo ya mtu aliyemfundisha. Insha ya ziara iandikwe kutokana na maneno hayo, na kila msemo wa kukariri ukatwe alama bila ya huruma. Naelewa kwamba nauli ni ghali na kwamba wazazi wengi hawajiwezi. Lakini si lazima kila shule iende Lamu. Kila kaunti ina kilima chenye kisa, mto wenye jina lenye maana, na mzee anayejua maana hiyo. Utalii wa mashinani ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa katiba, na kaunti itakayotenga fedha kidogo za basi na kuondoa ada kwa wanafunzi wake itakuwa imepanda mbegu. Mtoto aliyeizuru nchi yake akiwa na miaka 12 ndiye atakayeizuru tena na watoto wake akiwa na miaka 40.

Sidai kwamba tuwafunge milango wageni wa mbali. Karibu ni neno letu, nalo halijawahi kukatwa kichwa. Nasema tu kwamba mwenye nyumba asiyezijua zidaka zake hawezi kumwonyesha mgeni ila kuta. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 katika nchi hii, na tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Hao ndio watalii ambao onyo la serikali ya mbali haliwafukuzi, na lugha yao ipo tayari.

Muhula huu nitawapeleka tena wanafunzi wangu kwenye yale magofu. Nimemwandikia yule kijana kumwomba atuongoze, na nimemwambia kwamba tunataka kuanzia kwenye zidaka za nyanya yake. Amejibu kwamba anakwenda kwanza kumwuliza mama yake yale aliyoyasahau. Tumezunguka sana na utalii huu, tezi hadi omo, tukiwafuata watu wa mbali. Naona marejeo yetu ni ngamani, na ngamani ndipo pale kijana anapomwuliza mama yake jina la kitu.